Wote Wanasema Sikufika

Jumatatu, tarehe 2 mwezi wa tatu 2009

Nimechoka kuzungusha maswali ya hawa Waingereza nyumba kwa nyumba! Unaiamini serikali sana, kiasi, kidogo, hapana kabisa? Waliyatunga kwa ajili ya watu wao, wakabadilisha jina la nchi tu. Kule mtu anaulizwa kwa simu, anamsema waziri wake vibaya, anarudi kunywa chai. Hapa Bunia mtu akiona kalamu na karatasi anakumbuka ana shughuli shambani. Sijui, sijui, kutwa nzima sijui. Delphin, msimamizi wetu, anasema "sijui" zimezidi, London hawazitaki. Basi waje waulize wenyewe.

Jumanne, tarehe 3

Leo mmoja kajibu. Mama Godelive, muuza sombe, majani ya muhogo. Alinivuta jikoni, akafunga mlango. Niliapa jina lake halitatoka. Kufika kwenye swali la kuamini majirani, akanisogelea, akaelekeza kidole kwenye ua wa pili:

"Jirani Ushindi, wa ngambo ya lupango, njo yeye aliwaonyesha watu ya bunduki nyumba yetu. Bwana yangu alikufia mule. Leo anakuya kuomba chumvi, ninamupatia."

Nikaweka alama: hapana kabisa. Ya chumvi hayana mahali pa kuandikwa. Nilitoka pale na hasira, na nyumba zilizobaki sikuziuliza vizuri.

Alhamisi, tarehe 5

Aibu gani hii! Delphin amepita nyuma yangu kuhakikisha — ndiyo kanuni, wanarudia nyumba chache waone kama kweli tulifika. Kila mlango: hapana, hatukuona mtu. Hata muzee Floribert, aliyenipa kiti na maji, eti hanijui! Waongo. Waoga. Niliwatukana moyoni njia nzima. Halafu nikawaza: mwanaume nisiyemjua akija kuniuliza nani alikuja kwangu na nilimwambia nini, je? Ningemkana hata mama mzazi. Lakini hasira haijaisha.

Delphin anasema nilijaza karatasi zote mwenyewe kivulini, na bia mkononi. Kesho nimpeleke kwenye nyumba moja tu itakayokubali. La sivyo kazi basi, na hakuna shirika mjini litakalonichukua tena.

Ijumaa, tarehe 6

Nilimpeleka kwa Mama Godelive. Mjinga mimi! Nilijua huyo ana moyo.

Tulimkuta uani anachambua maharagwe. Pembeni yake mwanaume, wanacheka. Akatujulisha: jirani yangu, Ushindi. Nikafumba macho. Delphin, hata salamu hakumaliza, akauliza kwa sauti kama ni kweli huyu Lydie alikuja hapa kuuliza habari za majirani.

Kicheko kikaisha. Mama Godelive akaniangalia. Alikuwa anataka kunisaidia, niliona mdomo wake unafunguka. Nikamkatiza, nikamgeukia bosi:

"Chef, hapa sikufika. Nilidanganya."

Delphin akanivua beji palepale, akaondoka kwenda kwenye pikipiki. Ushindi akamfuata polepole.

"Chef, mu ile karatasi, siye ya hapa tuliandikwa namna gani?"

Na Delphin, pumbavu yule, akaanza kufungua begi lenye karatasi zangu! Nililinyakua nikakimbia.

Sasa niko kwa dada Kavira. Karatasi zote zinawaka kwenye mbabula, jiko lake la makaa. Delphin anapiga mlango, anaita mwizi, mwizi. Sawa, mimi mwizi. Nimemwomba Kavira achungulie dirishani aone wamekuja wangapi. Anasema Delphin yuko peke yake. Basi Ushindi amebaki kule, na Mama Godelive.