Turbo ya shemeji Reuben

Anneth, acha unachofanya usome hapa.

Si unakijua kile kigari cha dizeli cha shemeji Reuben? Injini lita moja na nusu, kina turbo, eti mlima hakiusikii. Fundi alimwambia turbo inavujishia oili kwenye injini. Akajibu, fundi wa Kyimo anajua nini.

Leo kampakia mama mkwe wake. Wanafika Mpuguso, anasimama, injini inaanza kupiga kelele yenyewe, moshi kila mahali. Akazima. Haizimiki. Akachomoa ufunguo. HAIZIMIKI. Inachoma oili yake yenyewe.

Shemeji akaruka, mbio. Ufunguo mkononi, mama mkwe ndani.

Injini ilipojifia, mama mkwe akashuka taratibu na ndizi zake, akamfuata shemeji kule alikokimbilia.

“Afadhali, baba. Ufunguo umepona.”