Chachu ya Rosa

Jumatatu, 1 Julai 1974
Nimekinywesha kibuyu maziwa mapya, kama kila asubuhi. Chachu iliyomo marehemu mke wangu Rosa alipewa na mama yake tulipooana. Ikikosa maziwa, hufa. Nami Ijumaa nalazwa hospitali kwa upasuaji, wiki kadhaa. Naogopa. Si kisu, ni kuiacha bila wa kuinywesha.

Jumanne, 2 Julai
Katika maabara ya maziwa nilikofanya kazi, chachu ilikaushwa, kisha ikalazwa kwenye baridi. Haikufa, ilisinzia tu. Leo hapa Riruta ni manyunyu, jua hakuna. Nilikosa subira. Niliweka sahani ya mgando wa kibuyuni kando ya jiko. Ikakauka upesi, ikanukia kama mkate.

Jumatano, 3 Julai
Nimeijaribu katika maziwa vuguvugu. Yamebaki maziwa. Nimeiua kwa moto. Uniwie radhi, Rosa. Kibuyuni imebaki ya jaribio moja.

Alhamisi, 4 Julai
Niliipaka hiyo iliyobaki kwenye kitambaa cha kichwa cha Rosa, nikakitundika mlangoni penye upepo. Nilisinzia kitini. Ndotoni nilimwona akitikisa kibuyu pajani, ukungu umejaa chumbani. Jioni chachu ilibanduka kama rangi ya ukuta mkuukuu. Nikaitia katika chupa ndogo, nikaziba kwa nta.
Mwenye nyumba, Mama Njeri, ndiye pekee mwenye friji hapa; nikampelekea chupa.
“Mzee, hao wadudu wako wasiingie kwa nyama yangu!”
“Wamelala, mama. Hawatakusumbua.”
“Wakikoroma nawatoa nje!”

Jumamosi, 10 Agosti
Nimerudi. Umeme ulikatika siku nyingi. Nyama ya Mama Njeri iliharibika yote. Chupa yangu aliifunga kwa gunia bichi, akaiweka dirishani kwenye upepo, akililowesha asubuhi na jioni. Niliuliza habari za chupa kabla ya kumpa pole. Naona haya.
Nimekisugua kibuyu kwa mkaa, nikatia maziwa na chachu yote. Sikubakiza.

Jumapili, 11 Agosti
Maziwa bado ni maji matupu. Sikwenda kanisani. Nimekifunika kibuyu kwa blanketi langu, nikakaa nacho. Sikuweza kusali.

Jumatatu, 12 Agosti
Alfajiri, ukungu. Nilikiinamisha kibuyu. Kimya. Kisha kitu kizito kikasogea ndani, polepole, kama mtu anayegeuka usingizini.
Kikombe cha kwanza cha mgando nimempelekea Mama Njeri, pamoja na pole niliyochelewesha. Cha pili nimekinywa macho nimeyafumba.
Kidogo nimekiacha kibuyuni, kwa maziwa ya kesho.