Nilimtundika Damasi Ukutani

Jumamosi. London mvua tangu asubuhi, na nina furaha ambayo sitaki mtu aninyang'anye.

Leo nimelipiza kisasi kwa penseli.

Damasi alikuwa jirani yetu Nyamirambo, Kigali. Alikula kwetu sikukuu zote. Mwaka ule wa mauaji ya kimbari nilikuwa na miaka minane. Nilijificha darini, nikamsikia akiwaambia wenye mapanga, "Fundi yumo ndani, piteni huku." Fundi ni baba yangu, mshonaji. Kwenye ufa nikamwona Damasi anawashikia mlango waingie kumuua.

Mwezi uliopita nilialikwa harusi mtaa wa Hayes, hapa hapa London. Mzee aliyesimama kuombea chakula alikuwa yeye. Kovu lilelile juu ya jicho, sauti ileile. Sikula. Nilirudi kwangu, mtaa wa Ilford, nikaanza kuchora.

Kuchora nimefundishwa na Sophea, mama wa Kikambodia anayetufundisha kwenye ukumbi wa mtaa. Kaka zake wote waliuawa katika mauaji ya kwao. Huwachora wakila wali, wakicheka, na kila mwaka huwaongezea mvi. "Wangekuwa wazee sasa," husema.

Mimi sikuchora wanaocheka. Nilimchora Damasi ameshika mlango. Chini nikaandika jina lake na maneno aliyoyasema, kwa Kiswahili na Kiingereza. Kisha nikamtafuta mkewe kanisani kwao, nikampa mwaliko wa maonyesho ya michoro yetu pale ukumbini huku natabasamu. "Mama, njooni nyote wawili, kutakuwa na keki."

Leo wamekuja.

Mkewe ndiye aliyeiona kwanza picha yangu ukutani. Aliyasoma maandishi polepole, akamgeukia.

"Huyu ni wewe?"

"Watu wanafanana."

"Na jina?"

Nikasogea. Sikumwamkia. "Mimi ni binti wa fundi," nikasema. "Nilikuwa darini."

Damasi aliiweka chini sahani ya keki. Mkewe alitoka peke yake kwenye mvua, bila koti, Damasi akabaki amesimama katikati ya ukumbi, watu wote wanamtazama yeye na picha, picha na yeye.

Nilitamani asimame pale mwaka mzima.

Sikumhurumia hata chembe. Mkewe nilimhurumia kidogo, kwa sababu nilimdanganya. Ningemdanganya tena.

Walipoondoka watu nilimngoja Sophea anikaripie. Alikunja meza kwanza, ndipo akasema, "Una bahati. Waliowachukua kaka zangu walivaa nguo za aina moja wote. Mimi sina uso wa kutundika."

Halafu akauliza, "Baba yako alikuwaje?"

Nikachukua penseli. Nikapata mikono yake. Nikapata futi ya kupimia shingoni na shati lenye kifungo kimoja cha rangi tofauti. Nikafika usoni, nikakwama. Nikafuta, nikajaribu, nikafuta tena mpaka karatasi ikatoboka.

Kovu la Damasi nalikumbuka mpaka alama za mishono. Uso wa baba sina.

Kumbe na huo aliuchukua.

Sijamsamehe, na leo nimezidi kutomsamehe. Jumatatu naipeleka picha polisi nitoe maelezo yote, jina kwa jina. Na Jumamosi ijayo nitaketi mbele ya karatasi tupu, nisinyanyuke mpaka baba aje, hata kama atakuja pua tu.