Masikio ya Padri, Paka Uliyeniachia

Mama,

Padri amepona. Nimeanza na hilo maana najua ndilo ungeuliza kwanza, kabla hata ya kuuliza kama mwanao anakula. Yule paka wako mweusi mwenye kola nyeupe shingoni yuko hapa dirishani, nyumbani kwako Niboye, anajilamba na kunitazama kana kwamba mimi ni mpangaji wake. Jeuri tupu, kama ulivyomlea.

Lakini tulipita pabaya, na kosa ni langu. Sawa, ni letu wawili.

Wiki chache baada ya kukuzika alianza kujikuna sikio la kushoto. Akawa anatikisa kichwa mpaka masikio yanapigapiga. Nikadhani ni msiba unamsumbua, nikamwacha. Kisha akaanza kutembea kichwa upande, na nilipochungulia ndani nikaona uchafu mweusi, mkavu, kama masalia ya kahawa kwenye chujio. Na harufu yake, weee!

Nikafanya nini? Nilichofundishwa. Nikachukua kichupa chako cha siagi ya ng'ombe, yale amavuta y'inka uliyotutia sisi sote masikioni tangu tukiwa Tanzania. "Matone mawili, lala ubavu, nyamaza." Nikaipasha moto kidogo, nikamtia. Yampaye inka, kama ulivyozoea kushangaa! Alinikwaruza mkono mzima, akakimbilia uvunguni mwa kitanda chako, na kila nikiinama ananifokea. Siku mbili. Nilikaa sakafuni nikalia, Mama, kwa sababu wewe umekwenda, na kitu chako pekee kilichokuwa bado kinapumua humu ndani kilikuwa kinaniogopa.

Nilimtoa kwa kitenge chako cha kijani, kile ambacho sikukifua kwa kuwa kilikuwa bado na harufu yako. Alipokinusa tu akatulia. Nikamviringisha humo kama mtoto mchanga, kichwa nje, nikapanda naye moto, zile pikipiki za abiria, hadi kwa daktari wa mifugo kule Kibagabaga. Dereva aliniuliza kama nimebeba kuku.

Daktari, dada mmoja mpole, alimulika sikio akasema ni utitiri, vidudu vidogo ambavyo jicho halivioni, na kwamba siagi yangu imegandisha uchafu na kuchokoza kidonda alichojikuna. Bahati kiwambo cha ndani hakikutoboka, la sivyo pengine angekuwa kiziwi. Akanionya nisitie kitu chochote kabla mtaalamu hajaangalia ndani. Mafuta hapana, vijiti vya pamba hapana. Nilitaka kukutetea, nikaishia kuomba dawa.

Sasa mimi ni fundi, ungenicheka. Natia dawa ya kusafishia, nakanda shina la sikio taratibu, namwacha ajitikise mpaka uso wangu unalowa, ndipo napangusa kwa pamba kile ninachokiona tu. Kisha matone ya dawa. Sikio la kulia nalo, hata likionekana zima, maana vidudu vile vinahama.

Kitenge kililowa dawa, ikabidi nikifue. Nilikuwa naiogopa siku hiyo, Mama, kuliko unavyodhani. Nikakianika uani, upepo ukakipeperusha, na mimi nikajikuta naimba. Sijui imekuwaje.

Juzi niliketi na pamba yangu, bado sijamwita. Akaja mwenyewe, akalaza kichwa pajani kwangu, sikio juu. Sikumviringisha kwa chochote.

Naahidi kila Jumapili nikitoka misa nitamchungulia masikio yote mawili, na akianza tena kujikuna sitangoja wala sitajifanya mganga. Wewe pumzika. Huku tuko salama, tunagombana vizuri tu.

Jana tulirudi Kibagabaga kukaguliwa. Mara ya kwanza, daktari alipouliza aandike paka ni wa nani, nilitaja jina lako. Jana nimetaja langu.

Usiudhike, Mama. Kwaheri.

Mwanao