Mchicha Usiosikia Dawa

9 Aprili

Mdogo wangu,

Salamu kutoka nyumbani. Mimi na wifi yako hatujambo. Mama magoti yanamsumbua, lakini anakula. Nawe huko dukani, mzima?

Ile dawa ya magugu uliyoniuzia niliipulizia mahindi yakiwa machanga. Magugu mengine yamekauka, ila mchicha pori umesimama kijani kama nimeumwagilia maji. Nikarudia kwa kuzidisha kipimo. Ulinyong'onyea siku mbili, ukanyanyuka. Jirani yetu fundi cherehani, aliyenunua kwa neno langu, shamba lake ni hivyo hivyo. Jana kaniuliza mbele za watu, "Huyo mdogo wako anatuuzia maji?" Kama ni feki, niambie mimi kwanza.

Kaka yako

15 Aprili

Kaka,

Nimefurahi kusikia mama anakula. Mimi sijambo.

Sijakuuzia feki, lakini usiniamini kwa sababu tu tumenyonya ziwa moja. Chimba miche ishirini ya huo mchicha pamoja na udongo wake, umpe dereva wa basi. Na usizidishe kipimo tena.

Mdogo wako

8 Mei

Kaka,

Habari za siku, na pole na jua. Hapa salama.

Miche minne ilifia njiani. Kumi na sita niliipanda kwenye makopo nyuma ya duka, pamoja na mchicha niliouchimba kando ya barabara, ambako hakuna anayepulizia. Dawa ile ile, bomba lile lile. Wa barabarani umekufa wote. Wako, kumi na nne iko hai.

Dawa ni nzima. Mchicha wako umekuwa sugu. Miaka sita umetumia dawa moja; iliua miche inayosikia, ikaacha michache isiyosikia, nayo ndiyo iliyozaa. Mtaalamu wa kilimo alituonya mwaka juzi tuwaambie wateja wabadilishe aina ya dawa. Nilimsikia vizuri. Dawa hiyo ilikuwa imejaa stoo, nikanyamaza.

Ung'oe kabla haujakomaza mbegu. Mche mmoja unaweza kumwaga mbegu laki kadhaa. Msimu ujao panda maharage, na tubadilishe dawa.

Mdogo wako

2 Juni

Kaka,

Hamjambo? Mama je? Karibu mwezi sijapata neno. Mchicha umeshatoa mashuke ya mbegu? Nijibu, hata kama ni kunigombeza.

Mdogo wako

20 Juni

Mdogo wangu,

Tuko salama. Mikono ilikuwa haishiki kalamu. Shamba la chini tumeling'oa kwa siku kumi na tisa, mimi, wifi yako na fundi cherehani, ambaye alikuwa ameshamaliza lake. La juu tulichelewa. Mchicha ulikuwa umefika kifuani, mbegu zikikaribia kukomaa, na kuung'oa tusingewahi. Nikalifyeka lote, mahindi yakianza kutoa mbelewele, nikawapa wenye ng'ombe. Mama alikuja kutazama, akauliza kama nimerukwa na akili. Nikamsomea barua yako yote. Akarudi ndani.

Watu wanauliza kwa nini nilifyeka. Habari ya mchicha nimewaeleza. Ya stoo sijaigusa, hiyo ni yako kuieleza. Jumapili saa tatu watakuwa shambani kwangu.

Kaka yako

23 Juni

Kaka,

Msalimie mama. Nitafika Jumamosi. Bosi nimemwambia ninakokwenda na nitakachosema. Nikianza kuongea, usinitetee.

Mdogo wako

4 Julai

Mdogo wangu,

Natumaini ulifika salama. Mama anauliza kama ulikula njiani.

Ulipokwisha kuwaeleza ya stoo ukaondoka, watu walikaa kidogo, wakatawanyika. Jana fundi cherehani kaja. Anasema msimu ujao atapanda maharage, lakini mbegu hatanunua kwako. Nimemwambia ni haki yake.

Mimi nitanunua kwako. Niandikie kwenye karatasi dawa ya msimu ujao ni aina gani, na ya msimu wa baada yake ni ipi. Nitaibandika ukutani, na muuzaji yeyote akiniambia vingine, hata akiwa wewe, nitafuata karatasi.

Kaka yako