Mkate Wako Bado Unaning'inia

Kijiji cha Rovdasht,
Bonde la Bartang,
Pamir.
9 Februari, 2012.

Mpendwa mpwa wangu Bunafsha,

Ya Ali Madad. Natumaini barua hii itakukuta u mzima, na kwamba baridi ya Yekaterinburg haijakuingia kifuani kama mwaka jana. Kikohozi kimekwisha? Bado kitanda chako kiko karibu na dirisha? Kisogeze. Mimi sijambo, isipokuwa goti la kushoto. Mke wangu Gulandom ni mzima kuliko inavyofaa, na ameniagiza nikuandikie kwamba soksi alizokufumia ni za kuvaliwa, si za kutunzwa sandukuni. Mama yako hajambo pia. Nalisema hili mapema ili usome yanayofuata bila kuruka mistari ukilitafuta jina lake.

Barua yako niliipata Jumatatu kwa mkono wa Mamadyor dereva. Katika ukurasa wa pili hukutia nukta hata moja. Nilikufundisha miaka saba, kwa hiyo najua kwamba huo si ujinga. Mtu asiyetia nukta hana mahali pa kuvutia pumzi. Unasema hulali. Unasema unayakunja mashuka ya hospitali, unayakunjua, unaanza upya, na simu ikilia hata chumba cha jirani, unakimbilia yako. Unasema umeamua kuacha kazi na kuja huku katikati ya theluji. Kisha unaniuliza: mjomba, ninyi mnaokaa chini ya mlima huo mnalalaje?

Nitakujibu. Kwanza upate habari kamili, maana wasiwasi hunenepa kwa habari nusu.

Ule ufa ulio juu ya nyumba ya mama yako ni kweli upo. Wakati wa kuvuna tufaha ulikuwa wa kupitisha mkono. Sasa mbuzi anaweza kuingia. Desemba walikuja watu wa wilaya, wakapima, wakasema ahame kabla ya sikukuu ya Navruz mwezi Machi, kwa kuwa theluji ikianza kuyeyuka mawe yatashuka. Nyumba yangu, nyuma ya mwamba, hatua mia mbili tu kutoka kwake, walisema ni salama. Chumba chake kiko tayari tangu siku ile. Gulandom ametandika magodoro na kuweka birika jipya. Mama yako hahami.

Nilimwuliza sababu. Akasema mbuzi wake hawatalipenda zizi langu. Nikajenga zizi lingine. Akasema dari yangu ina masizi. Nikapanda na goti hili, nikaisugua. Nikarudi kumwambia dari inang'aa. Akanitazama, akasema, "Kaka, nyumba yako inanuka chaki." Nimestaafu mwaka wa kumi na moja huu!

Basi tuko hivi: mama yako amekaa chini ya ufa, mimi nimekaa dirishani nikiutazama ufa na yeye, nawe umekaa mbali huko ukitutazama wote kwa macho ya moyo. Tumefungwa watatu kwa kamba moja. Kila mmoja anavuta, na fundo linazidi kukaza.

Sasa kuhusu kulala. Vuli nilipaka rangi nyeupe mawe saba kando ya ufa, ili niyaone kutoka dirishani kwangu na kujua kama yamesogea. Nilidhani nimefanya jambo la busara. Siku moja niliamua kuhesabu ni mara ngapi nayatazama. Kabla ya chakula cha mchana nilikuwa nimefika arubaini na moja. Gulandom akasema, "Mzee, unaushikilia mlima kwa macho? Ukipepesa utaanguka?" Kisha akakigeuza kiti changu kikaelekea ukutani, nami ndani yake.

Tangu hapo natazama mara mbili tu: baada ya chai ya asubuhi, na kabla jua halijaondoka bondeni. Katikati, mwili unataka kuinuka. Nashika mikono ya kiti. Hali hiyo hudumu kadiri ya birika kuchemka, kisha hupungua. Haiishi, hupungua. Fanya hivyo na simu yako. Chagua saa mbili za kuitazama, na nyakati nyingine iwe ndani ya begi, na begi liwe chumba kingine. Mnara wetu wa simu ulianguka Januari. Hata ukiitazama mara mia haitakuletea sauti yetu.

La pili. Nimeupa wasiwasi saa yake. Mchana nakaa chini ya nguzo ya kwanza ya nyumba na kuhangaika kwa bidii zote: nawaza mawe, nawaza kelele, nawaza mambo ambayo sitakuandikia. Mwanga wa tundu la paa ukifika nguzo ya pili, nainuka, hata kama sijamaliza. Wasiwasi ukija saa nyingine naufanya kama mwanafunzi aliyeingia darasa lisilo lake: toka, rudi saa yako. Mara nyingine unatii.

Mikono yangu naipa kokwa za aprikoti nizipasue, moja moja, bila kuiharibu mbegu ya ndani. Ukiwaza jingine unajigonga kidole, kwa hiyo huwazi jingine. Wewe una mashuka. Usiyakunje tu; linganisha pembe kwa pembe, kama ulivyokunjiwa nepi zako. Na uache chai nzito baada ya alasiri. Najua unaipenda.

Sikudanganyi, Bunafsha. Njia hizi hazifungui mlango. Zinakifanya chumba kiwe na nafasi ya kukaa, basi. Mtu yeyote akikuahidi zaidi ya hapo, mwombe aje akae kwenye kiti changu.

Maji pia nimeyatumia. Wewe ulilelewa huku, unajua kwamba ndoto mbaya huambiwa maji yanayokwenda, yaichukue. Mimi sikuota, lakini nilianza kushuka kila asubuhi kwenye mfereji wa chemchemi, ule usioganda, nikiyaambia wasiwasi wangu wote, kwa mpangilio, bila kuacha kitu. Siku ya sita akaja mzee Qozidavlat, ambaye nyumba yake iko chini ya yangu.

"Mwalimu," akasema, "samahani sana, lakini ninayekunywa maji baada yako ni mimi."

"Nami nakunywa baada ya dada yangu Shakarmo," nikamjibu. "Nimelalamika?"

"Shakarmo husema kwa ufupi. Wewe unatoa hotuba. Ng'ombe wangu tangu Ijumaa anapiga miayo tu na maziwa hakuna. Kama huwezi kufupisha, njoo usemee huku chini yangu, mambo yako yaende moja kwa moja mtoni."

Sasa nashuka hadi chini ya nyumba yake, goti au si goti.

Hadi hapa nimekuandikia kama mwalimu. Yanayofuata naandika kama mtu aliyekosa.

Utakumbuka siku uliyoondoka. Mama yako alisimama mlangoni na mkate mikononi, ukaung'ata pembeni, naye akautundika uliobaki kwenye msumari wa nguzo, kama afanyiwavyo kila aendaye mbali, arudi aumalize. Wangu wa jeshini uliningoja miaka miwili. Wako unaingia mwaka wa tisa. Umekuwa mgumu kama jiwe la kusagia, panya hajaugusa, na alama ya meno yako bado inaonekana.

Januari wasiwasi ulinishinda. Nikawaza: Shakarmo hanifuati mimi, lakini mkate ule ataufuata. Nikangoja aende chemchemini. Nikaingia ndani kama mwizi, mimi niliyewasimamisha watoto kwenye kona kwa kuiba chaki, nikautungua, nikauficha ndani ya koti, nikaja kuutundika kwangu kwenye msumari mpya. Gulandom alipouona alikaa chini. "Mzee," akasema, "umefanya nini? Urudishe kabla hajajua." Nikajiona nina akili kuliko yeye.

Haikupita saa moja mama yako akafika. Alikuwa amepita kwenye theluji na soksi tu. Hakupiga kelele. Aliutoa mkate, akaufuta kwa kitambaa cha kichwani, akaniuliza, "Kaka, mtoto alitoka mlango upi?" Kisha akaondoka.

Hakusema nami siku kumi na moja. Na tandiko lake, ambalo lilikuwa upande wa mlangoni, amelihamishia chini ya msumari ili aulinde mkate usiibwe tena. Upande huo ndio ulio chini ya mlima. Wasiwasi wangu, Bunafsha, umemsogeza mama yako hatua nne kuelekea mawe. Ndiyo maana nakukataza usifanye lolote kwa haraka ya moyo, wala kuacha kazi, wala kupanda gari la kuja huku. Mimi nimefanya, na nimeona.

Jumamosi iliyopita nilipanda kuvunja barafu kwenye kingo za mfereji, juu ya nyumba yake. Mama yako alikuwa amechuchumaa kando ya maji, amenipa mgongo. Anayeyaambia maji ndoto huachwa peke yake. Mtu mwenye adabu hurudi nyuma. Mimi sikurudi nyuma.

Alikuwa akisema: "Maji, nimeota amekuja. Kabeba mfuko ule ule wa buluu. Kapiga hodi, kapiga hodi, na mimi niko kwa kaka, nimeshiba, sisikii. Kakaa kizingitini kidogo, kaondoka. Chukua, maji, usinirudishie." Kisha akasema tena, polepole, kama anayemweleza mtu: "Mwenyewe aliniambia, mama, usitoke humu mpaka nirudi. Nikamwambia sitoki. Sasa nitatokaje?"

Je, umesahau? Mimi sijasahau, kwa kuwa mfuko wa buluu nilikuwa nimeushika mimi. Ulikuwa na miaka kumi na tisa, baba yako alikuwa amezikwa miezi mitatu kabla, ulikuwa unalia, na ulisema kama mtoto anavyosema. Wewe ulilisema neno lile, ukaenda. Yeye alilipokea, akakaa nalo. Mwezi mzima nimekuwa nikimwita mbishi mbele ya watu, kumbe ni mtu aliyetoa neno lake na hajui wa kumwondolea.

Usijilaumu. Nakukataza hilo pia. Ukitaka kulia, lia katika saa yako ya wasiwasi.

Kisha fanya hivi. Nunua mkate wa mviringo, au uoke mwenyewe kama una tanuri. Ung'ate, uliobaki uufunge kwa kitambaa safi. Andika kwa mkono wako, si kwa simu ya mtu: kwamba umeondoka mara ya pili, safari hii kutokea huko uliko, kwamba mkate huu utundikwe kwa mjomba, kwamba utakaporudi utapiga hodi kwenye mlango huo, akungoje huko. Ndugu wa Mamadyor, anayekuletea barua hii, anarudi Dushanbe kwa ndege tarehe ishirini na nane. Mpe mkononi. Barabara ikikubali, Mamadyor ataufikisha kabla ya Navruz. Isipokubali, sijui.

Nilimwuliza khalifa wetu, anayetuongozea sala, kama desturi inaruhusu. Alikuna ndevu, akasema, "Mwalimu, mkate ni mkate. Mwenye kinywa ndiye mwenye ruhusa." Mama yako sijamwambia kitu. Sitaki angoje kingine tena.

Ung'ate vizuri, usidonoe. Atalitafuta lile jino lako la mbele lililopinda. Na katika barua yake utie nukta, ili akisomewa ajue ulikuwa umetulia.

Gulandom anakusalimu, na anauliza tena kuhusu soksi. Mzee Qozidavlat anakusalimu. Ng'ombe wake ameanza tena kutoa maziwa. Mama yako hajui kwamba naandika leo, lakini kila siku salamu zake huzisema kwa sauti akipita chini ya ule mkate, kwa hiyo nazituma bila idhini yake. Wasalimie wenzako wa chumba cha mashuka.

Mungu akulinde nyumbani na kazini, akupe usingizi kwanza kabla ya mengine yote, na akulete siku moja kwa miguu yako mwenyewe wakati barabara ni kavu.

Mwanga wa paa umeshaipita nguzo ya pili, nami bado nimekaa. Leo nimeutazama mlima mara tatu. Ya tatu ilikuwa sasa hivi, ili nisikuandikie uongo. Mawe yote saba yapo mahali pake. Moshi wa mama yako unapanda. Msumari wangu bado uko ukutani, mtupu.

Mjomba wako akupendaye, ingawa hakuzoea kulisema,

Mwl. Nekqadam