Mwezi Siyo Sayari Ndogo

Jumatano, jioni

Na jambo lenyewe nalijua! Wiki iliyopita niliwafundisha wanafunzi wangu mwenyewe: nyota huwaka kwa nuru yake, kama jua letu, sayari hulizunguka jua, mwezi huizunguka sayari. Ukubwa siyo hoja.

Leo mkaguzi kaja na bodaboda kutoka Mbinga mjini, kakaa dawati la nyuma na kalamu yake. Niliwasha karabai mezani iwe jua, chungwa likawa dunia. Kisha nikainua tunda bivu la kahawa nililochuma njiani, nikasema, "Na hii sayari ndogo ndiyo mwezi."

Imelda akanyoosha kidole. "Mwalimu, ulisema mwezi siyo sayari hata ungekuwa mkubwa, kwa sababu unaizunguka dunia."

"Kaa chini! Usinipotezee muda."

Akakaa. Hakuna aliyenyoosha kidole tena. Ningeshindwa nini kusema nimekosea? Niliogopa ile kalamu.

Baadaye ofisini mkaguzi akanipa mkono. "Hongera, mwalimu. Darasa lako lina nidhamu sana." Hakuligundua kosa langu. Au aligundua akanyamaza... sijui lipi ni baya zaidi.

Kesho nitajisahihisha mbele ya wote, lazima. Ila naogopa nimeshachelewa.

Jioni hii nimekutana na Imelda akitoka kisimani. Siku zote hunikimbilia na swali. Leo ameshusha ndoo, amekunja goti, "Shikamoo, mwalimu," akajitwika tena, akaenda zake.

Nidhamu tupu.